Mberoshi wa Andrea

18 Novemba 1945, Jumapili

Naanza kuandika kwa sababu nyumba hii ina watu watatu na mimi sina wa kusema naye. Baba mkwe ni mkwe: simtazami usoni, naye hanitazami, na jina lake silitamki. Hapa nitaliandika, maana karatasi haina mkwe. Anaitwa Mathayo. Mama mkwe, Marietha, tunaongea, lakini maneno huyatoa kidogo kidogo kama mtu anayepima chumvi ya kununua. Mimi ni Elina, mke wa mtoto wao Andrea, na nimechoka kujisemea peke yangu kisimani. Wanawake wameanza kunitazama vibaya.

Tunakaa mwendo wa asubuhi moja kutoka Kinampanda. Zamani baba alikuwa mtu wa bustani misheni. Bibi mmoja wa pale, aliyekwisha kurudi kwao, alimfundisha kupogoa miti mpaka iwe kitu: njiwa, mtungi, kiti cha kukalia. Alipoacha kazi alikuja nyumbani na mkasi mkubwa wa bustani na miche mitatu ya ule mti ambao Biblia inauita mberoshi. Miwili iliungua na jua. Mmoja ukashika mbele ya tembe letu, naye akaupogoa miaka yote uwe mtungi, na watu wa njiani walikuwa wakisimama kuuangalia na kucheka kwa furaha.

Andrea alichukuliwa kwenda vitani mwaka wa arobaini na mbili. Ndoa yetu ilikuwa haijamaliza hata mavuno mawili. Basi baba akauacha mtungi, akaanza kumtoa mtu ndani ya ule mti. Leo ana kichwa, ana shingo, mabega, mikono iliyoshuka ubavuni, na miguu miwili iliyoachana kidogo. Ni mrefu kuliko Andrea, maana mti hauambiwi usikue.

Na Andrea hajulikani alipo. Ndivyo jumbe alivyoletewa habari mwaka jana: hakuandikwa kwamba amekufa, hakuandikwa kwamba ametekwa, hajulikani. Vita vimekwisha tangu Agosti. Wenzake wanarudi.

22 Novemba

Mvua bado. Kisima cha mtoni tumechimba mchanga mpaka umenifika kiunoni. Nabeba maji safari mbili. Debe la kwanza ni letu la kunywa na kupikia. La pili ni la mti. Ndiyo, la mti! Ng'ombe wanalia zizini na mimi namwagilia majani.

27 Novemba

Nimejifunza namna baba anavyosema nami. Leo nilipofika na debe la mti alikuwa amesimama mbele ya mberoshi, mkasi mkononi, mgongo kwangu. Akauambia mti, "Andrea, bega lako la kushoto ndilo lililokuwa limeshuka, sivyo?"

Nikajua swali ni langu. Mke ndiye anayejua bega la mumewe. Lakini utamwambiaje mkwe habari za mwili wa mwanaume unayelala naye? Uso uliniwaka moto. Bega lililoshuka lilikuwa la kulia, alilobebea mizinga ya nyuki tangu utotoni. Lakini mkwe amekwisha kusema kushoto, na mkwe hasahihishwi. Nikauambia mti, "Ndivyo, baba."

Akakata. Kila tawi lililoanguka niliona kama amenikata mimi. Kisha akaueleza mti, yaani akanieleza mimi, kwamba mberoshi si kama michongoma. Michongoma ukiifyeka inachipuka tena. Mberoshi ukikata ukapita majani mabichi ukaingia kwenye kuni za ndani, pale hapaoti tena kitu. Kwa hiyo mtu anatakiwa awe na hakika kabla ya kufunga mkasi.

3 Desemba

Mzee Bonifasi wa kanisa amekuja. Huyu ni mtu mzuri anayependa kuonekana mzuri. Alikunywa uji wote kwanza, akauliza hali ya ng'ombe, akauliza hali ya mvua kama vile yeye ananyeshewa mahali pengine. Ndipo akaliingiza lake: watu wanasema kwa Mathayo kuna sanamu, na mkamwana wake anaipelekea maji kila siku kama watu wasiomjua Mungu.

Baba akamjibu kwa upole kwamba misheni alitengeneza njiwa wanane na hakuna aliyemwambia anaabudu njiwa. Mzee Bonifasi akasema njiwa hana jina. Wewe huyu umempa jina, akasema, na mkeo hapiki bila kukusikia ukiongea naye. Mzee akasema asipoacha, Pasaka hatashiriki meza ya Bwana.

Mama alikuwa mlangoni akipeta uwele, hakuinua kichwa. Yeye haupiti ule mti. Akitaka kwenda zizini anazunguka nyuma ya tembe, hata akiwa na mzigo. Nilikuwa nikidhani ana moyo mgumu. Bado nadhani hivyo.

9 Desemba, Jumapili

Mvua! Tumetoka kanisani tukilowa kama kuku na hakuna aliyekimbia. Sitabeba debe la pili mpaka Mungu apende.

14 Desemba

Kupanda uwele. Mgongo.

15 Desemba

Kupanda.

25 Desemba

Krismasi. Kanisa limejaa viatu vya askari. Waliorudi wamekaa mbele pamoja, wanapiga sakafu kwa visigino wakisimama kuimba. Mama zao wamevaa khanga mpya. Mama mkwe aliimba nyimbo zote bila kukosa neno, akitazama ukuta. Wakati wa kutoka mwanamke mmoja alimshika mkono akamwambia wako naye yuko njiani. Mama akamwambia asante. Tulipofika nyumbani akasema tu kwamba chumvi imekwisha.

6 Januari 1946, Jumapili

Kaka yangu Filipo amekuja, na nimepata jambo la kunikosesha usingizi.

Hospitali ya misheni inataka wasichana wa kujifunza ukunga, kuanzia mwezi wa sita. Bibi mwuguzi wa pale ananikumbuka tangu shule. Amemwambia Filipo kwamba nafasi ninayo, ila wanapokea wasichana wasioolewa au wajane. Mke wa mtu hawamchukui bila mume mwenyewe kuja kusema. Filipo akanong'ona kule jikoni, "Sasa wewe ni nani, Elina? Mke au mjane?"

Nilikasirika. Nina miaka ishirini na mbili. Sina mtoto. Nawasha moto wa mwanaume asiyekuja kuuota. Ukunga nautaka kwa roho yote, nimeutaka tangu dada yetu alipofia uzazini nikiwa nimemshika kichwa. Lakini nikiutaka ukunga ndiyo kusema namtaka Andrea awe amekufa. Nani anaweza kuomba dua kama hiyo?

Filipo alizungumza na baba vizuri, kwa heshima zote. Akasema familia yetu haiombi kitu, ila wakae matanga, wamlilie kijana, binti awe huru. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka nje, nami nikiwa napita na kuni, akauambia mti, "Andrea, shemeji yako anataka tukulilie. Nitakuliliaje sijakuona umekufa? Wewe umesimama hapa."

Filipo akaondoka bila kula.

16 Januari

Mvua imekata. Uwele umefika magotini unaanza kujikunja. Debe la pili limerudi kichwani kwangu.

28 Januari

Leo tumegombana watu watatu juu ya masikio.

Baba aliuuliza mti kama masikio ya Andrea yalikuwa yametoka nje au yamelala. Nikasema yalilala. Sauti ya mama ikatoka ndani: yalitoka, kama ya babu yake, na watoto walikuwa wakimcheka. Baba akasema hapana, alipokuwa mtoto ndiyo, lakini alipokua yalilala. Mama akasema mtu hakui akaacha masikio yake nyuma. Mimi nikafunga macho nimwone. Niliona kofia ya askari, siku aliyoondoka, na chini ya kofia nikaona kijani. Niliona majani. Nilishtuka hata nikamwaga maji.

Mama akatoka mlangoni, mara ya kwanza kumwona upande wa ule mti, akasimama mbali akasema kwa Kinyiramba, pole pole, "Mnatengeneza mtu wenu. Mimi wangu nilimzaa, simjui huyu." Akarudi ndani. Baba hakukata masikio yoyote. Aliketi chini mkasi magotini mpaka jua likapanda.

Nimekaa nikifikiri. Yule mama hana moyo mgumu. Anazunguka nyuma ya tembe kwa sababu anamlinda yule wake asichanganyike na huyu. Mimi sikumlinda, na sasa sijui ni yupi ninaye.

3 Februari, Jumapili

Sikwenda kanisani. Homa.

11 Februari

Nimemsalimu. Nilikuwa natoka asubuhi na jembe, nikauambia mti "Umeamkaje?" na nikangoja kujibiwa. Nikacheka peke yangu. Baadaye shambani nikalia.

20 Februari

Mvua ilirudi juzi na leo imetuletea mtu.

Tulikuwa tumeketi nje, saa ya mchana, mimi na mama tukichambua mlenda, baba akinoa mkasi. Akaja mwanaume mwembamba aliyevaa koti la jeshi, anachechemea, fimbo mkononi. Akamwamkia baba shikamoo, akamwamkia mama, akauliza kama hapa ndipo kwa baba yake Andrea. Mama akaacha mboga. Baba akasema ndipo, karibu, kaa. Hapa kwetu mgeni hahojiwi kabla ya kula, basi tukampa maji, tukampa ugali na maziwa mgando. Anaitwa Simoni, Mnyaturu wa Utemini. Alishuka Manyoni na treni, akapanda lori, akamaliza kwa miguu.

Alipokwisha kula akanawa, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Macho yakaufikia mberoshi. Akatabasamu, nadhani alifurahi kupata la kusema. Akauliza, "Na huyu Bwana ni yupi? Wa misheni au wa boma?"

Mkasi wa baba ulikuwa juu ya jiwe, haukusogea. Yule kijana alikaa na Andrea miaka miwili, wakalala hema moja, wakala sahani moja, na yuko mbele yake hakumjua. Alidhani ni Mzungu. Nikautazama mti kwa macho yake nikaona ni kweli: mabega mapana, kifua mbele, mtu aliyeshiba, mtu wa kutoa amri. Tulimlisha huyu kwa maji yetu yote ya kiangazi.

Ndipo Simoni akaelewa. Akavua kofia. Akasema, "Mnisamehe, wazazi wangu," na akaanza kulia kabla hajasema lolote, kwa hiyo tulikwisha kujua.

Alivyosema ni hivi. Ilikuwa Bama, ng'ambo ya Bara Hindi, msituni, mvua ya miezi isiyo na mwisho, matope mpaka mapajani. Walikuwa wakibeba vyuma vya mzinga wa vita mgongoni. Andrea alishikwa na kuhara damu. Alibeba siku kadhaa hivyo hivyo, hakutaka mwenziwe aongezewe mzigo. Asubuhi moja aliketi kando ya njia akasema apumzike kidogo. Simoni alikaa naye. Hakusema maneno makubwa. Aliuliza kama huku kwetu ni wakati wa kupanda au wa kuvuna, Simoni akamwambia kuvuna, akasema vizuri. Jua lilipokuwa utosini alikuwa amekwisha. Simoni na wengine wawili ndio waliomzika, wakaweka msalaba wa matawi. Kesho yake wale wawili waliuawa na Simoni akavunjwa mguu, akazindukia hospitali ya Bara Hindi. Alimwambia karani mmoja habari za Andrea. Kama karani aliandika, yeye hajui.

Mama hakupiga ukelele. Alishika ule mlenda akaendelea kuuchambua, jani moja moja, mpaka ukaisha, na mkono ukaendelea kuchambua hewa.

Baba aliuliza jambo moja tu. "Siku zile za mwisho alikuwaje?"

Simoni hakuelewa. Baba akasema, "Mwili wake. Nionyeshe."

Yule kijana akainuka, akaiweka fimbo chini. Akainamisha mgongo. Akapeleka shingo mbele kwa sababu ya mzigo. Akashusha bega, na lilikuwa la kulia. Akaikusanya mikono tumboni, penye maumivu. Akasimama hivyo mbele ya mti, mdogo, amekunjamana, na mama akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu. Alimjua. Nami nilimjua. Nilikuwa sijamwona Andrea tangu mwaka wa arobaini na mbili, na nikamwona pale, ndani ya koti la mtu mwingine.

21 Februari

Nimeamka kwa sauti ya msumeno.

Baba alikuwa juu ya ngazi, ameanza na kichwa. Matawi yalikuwa chini tele, mabichi, yananukia kanisa wakati wa Krismasi. Alikuwa amekwisha kupita kijani, yuko kwenye kuni nyekundu. Nikakimbia na khanga moja. Simoni naye akatoka, akasimama mlangoni hajui afanye nini.

Nikausogelea mti nikauambia, maana hata hapo sikuweza kumwambia yeye, "Andrea, mwambie baba mti utakufa."

Msumeno ukasimama. Akasema, "Andrea, mwambie mkeo najua."

Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "Mwambie kwamba yule niliyekuwa naye hapa hakuwahi kuugua. Hakubeba chuma. Nilikuwa namnyosha kila mwezi, nikiona bega linalegea naliinua. Huyo hajafa, ndiyo maana nilishindwa kumzika. Acha nimtoe yule aliyekufa."

Nikamshikia ngazi. Ndiyo, mimi. Simoni akaja akashika upande wa pili. Kila mara baba alipokwama alimtazama Simoni, na Simoni aliinama, akashusha bega, akakunja mikono, na baba akakata. Kifua kiliondoka. Mabega yaliondoka. Mikono ikabaki fito mbili, imefungwa tumboni kwa kamba ya katani. Majani yaliyobaki ni machache, juu ya mgongo na shingoni.

Saa ya adhuhuri mama alitoka. Hakuzunguka nyuma ya tembe. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya mti, akaweka kiganja kwenye lile bega la kulia, akakiacha hapo. Akasema, "Amekonda mwanangu."

23 Februari

Simoni ameondoka. Baba alimpa ndama. Alikataa, baba akamwambia hukatai cha marehemu.

10 Machi, Jumapili

Mvua nzuri. Kila kitu ni kijani: uwele, magugu, hata mapaa ya matembe. Yeye peke yake ameanza kugeuka rangi, kwanza shingoni.

Nilimwuliza mama kama tutakaa matanga sasa, kwa kuwa habari zimekuja. Akaniambia, "Ngoja amalize kufa." Ndivyo alivyosema, na sikuona kwamba ni wazimu.

19 Machi

Mama anakaa naye mchana akisuka ungo. Hamsemeshi. Anakaa tu, kama anavyokaa mtu na mgonjwa.

2 Aprili

Kuamia ndege. Kwelea wamekuja wingu zima. Tangu alfajiri mpaka jioni natupa mawe na kupiga debe, sauti imenikauka. Nilipokuwa nikilibeba lile debe la pili kutoka kisimani nilikuwa nikilia kwa hasira juu ya mti. Leo ningekuwa na nguvu ningempelekea. Lakini baba amekataza, anasema aachwe.

21 Aprili, Pasaka

Baba alikaa benchi la nyuma, hakwenda mbele wenzake walipokwenda kupokea. Mimi na mama tukabaki naye benchini, hatukupanga. Mzee Bonifasi aliyaona yote matatu makalio yetu yamekaa, samahani kwa kuandika hivyo siku ya Pasaka, na nilimwona akimeza mate.

Jioni alikuja mwenyewe. Hakuzungumza habari za sanamu. Alisimama mbele ya mberoshi, ambao sasa ni kahawia karibu wote, umeinama, mikono tumboni. Alikaa hapo muda mrefu kwa mtu mwenye maneno mengi namna ile. Akamwuliza baba ni lini. Baba akasema majani ya mwisho yakianguka.

5 Mei, Jumapili

Uwele umeiva. Mgongoni mwake pamebaki kijani cha kiganja kimoja.

13 Mei

Kuvuna.

14 Mei

Kuvuna. Vidole vyote vina vidonda.

22 Mei

Leo tumemzika.

Baba alimchunguza asubuhi, akakwangua gome kwa ukucha mahali pengi, na kote ndani palikuwa pakavu. Akaja mpaka mlango wa jikoni, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwanetu amefariki." Ndipo mama akapiga ukelele. Aliupiga ule ambao hakuupiga mwaka juzi jumbe alipokuja, hakuupiga Simoni alipokuja. Ulikwenda mpaka ng'ambo ya mto, na watu wakaacha mavuno wakaja. Hakuna aliyeuliza nani. Wanawake waliingia uani mikono kichwani, wakilia jina lake, na mimi nikaanguka chini nikalia nao mpaka nikatapika.

Wanaume walimchimbua pamoja na mizizi, hawakumkata. Mzee Bonifasi alikuja bila kitabu chake. Alimwambia baba pembeni kwamba maneno ya mazishi hawezi kuyasoma juu ya mti, sheria ya kanisa haimruhusu, lakini kuchimba hakuna sheria inayomkataza. Akavua koti. Alichimba mpaka mwisho, mzee wa watu, hakumpa mtu jembe lake.

Mama na wakongwe wawili walimwosha. Walimpangusa vumbi, wakampaka samli kuanzia shingo mpaka miguu, kwa mikono, bila haraka. Wakamfunga shuka nyeupe. Alikuwa mwepesi. Watu wanne walimbeba na wawili wangetosha. Alilazwa kando ya zizi, upande wa kulia, kichwa kule kunakostahili, na baba akatupa udongo wa kwanza, kisha mama, kisha mimi.

Jioni mama alininyoa nywele. Alinyoa vizuri, hakunikata hata mahali pamoja. Aliponimaliza akanishika kichwa kwa mikono yote miwili akasema, "Umekuwa mjane, mwanangu. Pole."

Mimi ni mjane. Nimeandika neno hilo nione linavyokaa.

26 Mei, Jumapili

Matanga yamekwisha. Mji umejaa nyayo za watu na mavi ya kuku. Pale mbele ya tembe pana udongo uliofukiwa, na pana mwanga mwingi kuliko tuliouzoea. Macho yangu yanaumia nikitoka nje.

1 Juni

Filipo amekuja kunichukua. Hospitali wananingoja.

Mama amenifungia uwele, asali kidogo na khanga yake ya kanisani, ile isiyo mpya. Nilikataa khanga, akaniambia nisimchoshe. Tulikumbatiana jikoni tukalia tukamaliza hapo hapo, maana hapendi kulia mbele ya wageni, na Filipo kwake bado ni mgeni.

Nikatoka na mzigo. Baba alikuwa amesimama pale pale anaposimama siku zote, mkono mtupu. Nikasimama nyuma yake kama desturi, ningoje aseme na mti. Alitafuta pa kutazama. Palikuwa na udongo tu, na njia, na Filipo kwa mbali akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Akageuka. Tangu niolewe sikuwa nimewahi kuyaona macho yake yakiwa juu yangu. Ni ya Andrea, au nilidhani ni ya Andrea.

Akasema, "Elina. Kabla sijamkata. Yule wa kwanza. Nilimpata hata kidogo?"

Nilitaka kumpa zawadi. Nilitaka kusema miguu ilikuwa yake, au namna ya kusimama, neno lolote la kumtosha katika uzee wake. Lakini alikuwa ameniuliza mimi, uso kwa uso, na sikuweza kumdanganya tena.

Nikamwambia, "Sijui, baba. Nikifumba macho nimwone Andrea, namwona yule wa mti."

Hakushtuka. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akingoja mwingine aseme kwanza.

"Na mimi," akasema.

Kisha akainama, akachukua mzigo wangu, akausogeza mpaka njiani.